Skonzi ya Baba

Haki ya Mungu, habari hii ni kweli tupu, ingawa imepitia kinywani mwa Mzee Pastory, ambaye watu wa Mwanga husema akikuamkia asubuhi, toka nje kwanza uhakikishe kumekucha.

Siku mkewe Rozalia alipooka skonzi kwa mara ya kwanza, wakiwa maarusi wapya, alirundika makaa juu ya mfuniko wa sufuria bila kipimo. Moshi, Pastory huapa, ulivuka ziwa, Wakongo wakapiga chafya. Skonzi zikatoka nyeusi, bibi arusi akaangua kilio. Pastory, enzi hizo kijana wa reli, akaokota iliyoungua kuliko zote, akaitafuna, akasema watu wa reli wamelelewa na moshi. Skonzi isiyoungua kwao ni sawa na kula pamba. Rozalia akafuta machozi.

Baadaye mkono wake ulizoea makaa, juu mengi, chini kidogo. Skonzi zake zikawa na rangi ya asali, sifa zikafika Ujiji. Lakini kila alipooka, alisukuma donge moja ligusane na ukuta wa sufuria, liungue. La mume wangu, alisema. Pastory akala, akasifu, ujana wote na uzee wote, huku zile nzuri zikienda kwa watoto na wageni.

Sasa Rozalia amelala kaburini Simbo. Matanga yamekwisha, wageni wametawanyika, amebaki binti yao Recho kumwangalia baba asiyetaka kula. Asubuhi moja Recho akawasha jiko la mama yake, akaoka. Harufu ikamtoa mzee chumbani. Akakaa, akaiona skonzi ya rangi ya asali, moyo ukamwambia: aliyedanganywa hayupo, na uongo umezikwa naye. Akanyoosha mkono.

Recho akauondoa taratibu. "Hiyo si yako, baba." Akamwekea nyeusi.

Mzee akaanza kusingizia meno, mara umri, mara daktari fulani wa Ilagala ambaye hajawahi kuzaliwa.

"Mama aliniambia kabla hajafa," Recho akamkatiza. "Alisema, 'Nikiondoka atainyemelea nzuri. Usimpe. Aliongopa mwenyewe, ale mwenyewe.'"

Mzee akaitazama sahani. "Kumbe alijua."

"Tangu ile ya kwanza. Ulimaliza birika zima la chai kuiteremsha."

"Na akaendelea kuniunguzia?"

"Alisema hakuna aliyewahi kumwongopea vizuri namna ile. Hakutaka uache."

Pastory akaivuta sahani karibu bila kusingizia tena chochote, na hilo mtaa mzima haujaliamini hadi leo. Recho akamsogezea kikombe cha chai, mzee akakirudisha. Akaila skonzi yake kavu, na uchungu wake wote, mpaka akalamba masizi vidoleni.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kesho ataunguziwa nyingine.