Milango ya Gari la Lowell

Arlene Voss alimshuku mkwe wake tangu siku ya kwanza, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Trent alikuwa mtu wa maneno mengi na biashara nyingi. Mwaka huu anauza madirisha, mwaka ujao anaosha mapaa ya nyumba za watu, mara anafuga minyoo ya kuvulia samaki. Kila biashara ilianza kwa kicheko ikaisha kimya kimya. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Oktoba, alipoingia uani kwa Arlene akiendesha gari la spoti la rangi ya fedha, mama mkwe wake alisimama mlangoni pa gereji, mikono kifuani, akasubiri kudanganywa.

"Mama, nimekuletea kazi!" Trent alisema huku akijikunja kutoka nje. Gari lilikuwa la viti viwili, fupi sana, na Trent alikuwa na mwili. "Paneli za ndani za milango. Hizi zilizopo zimechoka. Nataka mpya, ngozi nyeusi, mshono mwekundu, kitu cha kumtoa mtu machozi."

Arlene alikuwa ameshona viti vya boti kiwandani maisha yake yote. Alipostaafu, aliinunua cherehani yake mwenyewe, lile dude zito la chuma, akaliweka gereji pale ambapo zamani marehemu mumewe aliegesha gari. Watu wa mji wake, na hata wa mashambani kuelekea jiji la Toledo, walimletea viti vya pikipiki na vya matrekta.

"Gari la nani?"

"La Mjomba Lowell. Yaani, litakuwa lake. Ameliona kwetu, akalipenda papo hapo. Anasema halichukui mpaka umalize milango, anataka alipokee limekamilika."

Lowell alikuwa mdogo wake Arlene. Tangu ujana alitamani gari la namna hiyo, na miaka yote akaishia kuendesha gari la mafundi lililojaa mabomba na spana. Majira ya kuchipua alikuwa amepasuliwa moyo. Daktari alimwambia sasa afanye anachokipenda, ila polepole. Hilo la polepole Lowell hakulisikia.

"Limetoka wapi?"

"Arizona. La mzee mmoja wa jangwani. Limelala kivulini siku zote, halijui hata mvua ni kitu gani." Trent alicheka. "Ah, na jambo moja, Mama. Nyuma ya paneli kuna nailoni nyeusi imebandikwa kwenye chuma. Hiyo usiiguse. Chukua vipimo, tengeneza mpya, funga juu yake, basi."

"Nani kasema nisiiguse?"

"Mimi." Alisita. "Yaani, ndivyo inavyotakiwa. Imebandikwa kitaalamu."

"Tangu lini wewe ukajua mambo ya kitaalamu?"

"Haya, umeanza," Trent alisema, akambusu shavuni, akaondoka kwa miguu akipiga mluzi.

Arlene aliingiza kichwa ndani ya gari. Lilinukia msonobari. Kadi ya manukato ilining'inia kwenye kioo, nyingine ilikuwa chini ya kiti, na nyingine tena nyuma ya kiti cha abiria, imesukumwa mbali kabisa. Gari la jangwani lina haja gani ya kunukia hivyo?

Alianza na mlango wa dereva. Alifungua skrubu za mahali pa kuegemeza mkono, akatoa kishikio, kisha akapitisha kipande chembamba cha chuma pembezoni, akivibandua vibanio vya plastiki vilivyoishikilia paneli, kimoja kimoja. Paneli ilipoachia, aliigeuza kifudifudi juu ya meza ili achore umbo lake kwenye ubao mpya. Hapo akaweka penseli chini.

Upande wa chini ubao wa zamani ulikuwa umevimba na kuchanuka kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Juu ulikuwa mzima. Kati ya sehemu hizo mbili ulipita mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa kwa rula.

Arlene aliujua mstari ule. Alipokuwa msichana, mto uliwahi kuingia sebuleni kwao, na maji yalipoondoka yaliacha alama ya namna ile ukutani, ikabaki mpaka baba yake alipoubomoa ukuta wenyewe.

Aliutazama mlango wa gari. Nailoni nyeusi ilikuwa mpya, inang'aa. Aliishika pembe yake ya chini, akaivuta.

Tope. Lilikuwa limekauka, laini kama unga wa ngano, limejaa kwenye mikunjo ya chuma ambako kitambaa cha kuoshea hakifiki. Aliingiza vidole vyake mle. Kikatoka kijiti, jani lililooza, kisha konokono wa mtoni, mdogo kama punje ya pilipili manga, gamba lake zima kabisa.

"Arizona," Arlene alisema peke yake gerejini.

Kuanzia siku ile alifunga gereji kwa kufuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kazi hakuiacha. Alitaka Trent asijue kitu mpaka apate namna ya kumbana mbele ya mashahidi. Alikata ubao mwembamba kwa msumeno wa umeme, akatoboa matundu ya vibanio, akabandika sponji. Akashona ngozi kwa umbo la almasi, uzi mwekundu, kisha akaivuta juu ya sponji na kuibandika kwa gundi inayouma macho. Mikono ilifanya kazi vizuri, lakini kichwani alikuwa akimfungulia Trent mashtaka. Alikumbuka yale madirisha, alikumbuka ile minyoo. Kila alichowahi kusema mkwe yule alikigeuza na kukitazama kwa nyuma, kama paneli.

Trent naye hakukaa mbali. Alipita mara kwa mara, anaegemea mlango, anauliza kazi imefika wapi.

"Mbona umefunga, Mama? Unaogopa nani mtaa huu?"

"Wezi."

"Wezi gani? Mara ya mwisho kuibiwa kitu mtaa huu lilikuwa boga la kuchonga la sikukuu ya Halloween!"

"Wapo," Arlene alisema, akimtazama machoni. Trent akacheka. Arlene akaona kicheko kile ni cha mtu mwenye roho ngumu.

Kendra pia alipiga simu. Kendra, mke wa Trent, alikuwa mtoto wa pekee wa Arlene, mtulivu, mwenye kazi nzuri katika ofisi ya bima ya magari, na katika maisha yake yote hakuwahi kuuliza habari za ushonaji.

"Mama, milango inaendelea?"

"Inaendelea."

"Ile nailoni hukuitoa, eti?"

"Kwa nini unauliza?"

"Basi tu. Trent alisema isiguswe."

Arlene aliweka simu chini akatikisa kichwa. Sasa anamtuma mke wake kunichunguza, aliwaza. Mtoto wangu hajui hata anatumikishwa kwa lipi.

Lowell alikuja na boksi la donati. Arlene alikuwa ameshaufunika mlango ule kwa shuka. Mdogo wake aliingia kwenye gari, akashika usukani, akakaa tu. Uso wake ulikuwa wa kijana.

"Nimewaambia wote pale mkahawani," alisema. "Wananitania eti mzee atavunjika mgongo akiingia, na atahitaji winchi kutoka."

"Lowell, usimlipe Trent kwanza."

"Kwa nini?"

"Subiri nimalize."

"Dada, wewe unamchukia yule kijana tangu siku aliyokanyaga zulia lako na viatu."

"Sikuwahi kukosea kuhusu zulia."

"Mkeo mwenyewe—" Lowell alianza, akajikwaa ulimi, wote wawili wakacheka. "Mtoto wako mwenyewe, nilitaka kusema. Kendra ndiye aliyenihakikishia. Nilimwuliza, hili gari halina tatizo? Akasema, mjomba, halina. Kendra si Trent."

"Kendra anasema anachoambiwa," Arlene alijibu, na donati ikawa tamu kupita kiasi mdomoni mwake.

Jumapili aliwaalika wote chakula cha mchana. Alioka kuku na tambi kwenye bakuli kubwa, na mkate wa tufaha. Lowell alikaa kichwani pa meza kwa kuwa ndiye mgonjwa. Walipomaliza kuku, na Kendra ameshika kisu akikata vipande vya mkate wa tufaha, Arlene alitoa konokono mfukoni mwa aproni, akamweka juu ya kitambaa cheupe mbele ya Trent.

"Huyu anatoka jangwani," alisema. "Umsalimie."

Trent alimwinamia. "Ni nini hiki? Mbegu?"

"Konokono wa mtoni. Alikuwa ndani ya mlango wa gari ulilotaka kumuuzia mdogo wangu. Yeye na tope la kutosha kupanda viazi. Gari lile lilizama, Trent. Lilizama mpaka hapa." Aliweka kiganja chini ya kwapa lake. "Nyaya zote zinaoza taratibu. Mtu mwenye moyo ulioshonwa juzi, barabara kuu, gari linazimika mbele ya lori. Ulitaka kumuua?"

Lowell aliweka uma chini. Trent aliangalia kila mtu, mdomo wazi, na tabasamu lake likakaa usoni kama limesahauliwa.

"Mama, unatania."

"Usiniite Mama. Tapeli mkubwa wewe. Ukaniambia nisiguse nailoni!"

"Niliambiwa hivyo!" Trent alisimama, kiti kikaanguka. "Mimi nilijua nini? Kendra ndiye aliyelipata. Kendra, mwambie. Si wewe ulizungumza na yule mzee? Mwambie Mama alivyokuwa, yule wa Arizona, mwenye mbwa wa miguu mitatu. Mwambie!"

Kendra aliendelea kukata. Alikata kipande ambacho kilikuwa kimeshakatwa.

Arlene akamtazama binti yake. Kwanza alitafuta namna ya kutoliona alilokuwa akiliona. Kisha ikamjia ile simu, na ile sauti ya upole: hukuitoa, eti?

"Kendra," alisema.

"Hakuna mzee," Kendra alisema. Hakuinua macho. "Lilikuwa kwenye uwanja wa magari yaliyokumbwa na mafuriko. Mimi ndiye ninayeshughulikia magari hayo kazini. Nililisafisha mwenyewe, wikendi ile niliyosema niko kwenye mafunzo."

"Na mbwa?" Trent aliuliza. Ndilo swali lililomtoka. "Mbwa nilimsimulia kila mtu."

"Nilitaka kitu kimoja kikufanikie, Trent. Kimoja tu. Uuze gari kwa mtu wa mbali, urudi nyumbani umefurahi. Halafu mjomba akapita uani, akaliona, akalipenda, nikashindwa kulirudisha nyuma bila kukuambia."

"Mimi nilikuuliza," Lowell alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuuliza ana kwa ana."

Trent aliokota kiti, akakiweka vizuri mahali pake, akatoka nje kupitia jikoni. Lowell akafuata baada ya kitambo bila kugusa mkate, akasema anaenda kulala.

Waliobaki mezani ni mama na mtoto. Arlene alikuwa na mengi ya kusema lakini aliyokuwa ameyatayarisha yote yalikuwa ya Trent. Alikusanya sahani.

"Nilimwita tapeli mbele yako," alisema hatimaye, "ukakaa kimya."

"Nilikuwa nasubiri uishiwe na hasira ili..."

"Ulikuwa unaona kama litapita."

Kendra akaanza kulia, na Arlene, ambaye angempa bega siku nyingine yoyote, akasimama na sahani mkononi akijiuliza kama machozi yale ni ya kweli. Wazo lile lilimtisha kuliko tope.

Kesho yake alienda kumtafuta Trent. Alimkuta kwa mama yake mzazi, ametandika kochi, anatazama mpira bila sauti.

"Nimekuja kukuomba radhi," Arlene alisema akiwa bado mlangoni.

"Kwa tapeli au kwa muuaji?"

"Vyote. Na kwa madirisha."

"Madirisha yalikuwa mabovu kweli," Trent alisema. Akasogea kwenye kochi ampishe. Alionekana hajalala. "Unajua kinachoniuma? Nimemsimulia yule mbwa mpaka nikampenda. Sasa kila ninachokumbuka nakiuliza: hiki je? Siku ile je? Wewe una mazoezi, Mama. Unaishije na kichwa cha namna hiyo?"

Arlene alitaka kumjibu, akaona hana la kumfundisha.

Gari walilifumua wawili hao, jioni jioni, kabla giza halijaingia. Liliuzwa vipande vipande kwa watu wa vipuri, na kila aliyekuja alionyeshwa tope kwanza. Zile paneli mpya Arlene alizivunja kwa nyundo ili zisije zikapendezesha mlango mwingine mbovu. Lowell alikaa mwezi mzima bila kupokea simu ya Kendra. Kisha alipokea moja, wakaongea habari za hali ya hewa, na mambo yakaachwa hapo.

Trent alirudi nyumbani kabla ya sikukuu ya Shukrani. Kendra aliacha kazi ya bima. Au ndivyo alivyosema. Asubuhi ya sikukuu alimpigia mama yake.

"Tuko njiani, Mama. Tumebeba viazi. Trent anaendesha."

"Vizuri. Barabara ikoje?"

"Ina theluji kidogo. Tutachelewa."

Arlene aliweka simu mezani. Alikuwa akimpenda binti yake, na hilo halikupungua hata chembe. Bata mzinga alikuwa kwenye oveni, meza imetandikwa. Alikaa dakika moja, akainuka, akaenda dirishani, akavuta pazia atazame kama kweli kuna theluji.