Pua ya Mpishi

Kinyozi akivunjika mkono watu watamwona na kumpa pole. Mpishi wetu hakupata hata pole. Pua yake ilikuwa pale pale usoni, nene, nzima, pua ya mtu aliyejaliwa, na haikufanya kazi hata chembe.

Mafua makali yalimlaza siku nne, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia na karibu ladha yote. Chai ikawa maji ya moto. Kitunguu kikawa kitu cha kutafuna tu. Daktari alimmulika puani kwa tochi ndogo, akasema inaweza kurudi, inaweza isirudi, jibu ambalo hata muuza nyanya angempa bila kumpangisha foleni. Wiki sita zikapita, na pua kimya.

Alikuwa amepika katika kantini ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, akilisha wauguzi, madereva na ndugu wa wagonjwa. Siri yake aliijua mkewe peke yake, fundi cherehani, mwanamke wa kufunga mdomo pale panapostahili. Nyumbani mkewe ndiye aliyeonja badala yake. Kazini alipika kwa kukariri, na akakariri vizuri mpaka Alhamisi ile alipokuwa tayari na upawa mkononi kupakua supu. Mama wa usafi alikuwa anapita na ndoo yake, akasimama ghafla.

"Mpishi, mbona hiyo supu inanuka?"

Ilikuwa imechacha. Akaimwaga sufuria nzima, akawaambia watu gesi imeisha. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba Jumatatu atamwendea msimamizi, amweleze ukweli, atafutwe mpishi mwingine. Mkewe akamsihi angoje kidogo. Akakataa. Heri aaibike, alisema, kuliko kulaza wodini watu waliokuja kutazama wagonjwa.

Hivyo Jumamosi ilimkuta amekaa jikoni kwake kama mtu anayeaga. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu alipoteguka mguu, akaingia akichechemea, hana habari ya lolote.

"Mkwe wangu, leo nimeamka na hamu ya viazi vitamu. Vile vyako vya oveni, vyenye viungo."

Angemkatalia vipi? Mama mkwe haombi mara mbili.

"Vinakuja, Mama," alisema, akainuka.

Akamenya viazi vinne vya rangi ya chungwa, akavikata vipande virefu vyembamba, vyote unene mmoja ili viive pamoja. Akaviloweka, akamwaga maji, akavikausha kwa taulo mpaka vikawa vikavu kabisa. Akavinyunyizia wanga wa mahindi kidogo, kisha mafuta, kisha viungo: paprika, pilipili manga, bizari, unga wa kitunguu saumu. Vyote alivipima kwa kijiko, yeye ambaye zamani aliwacheka watu wanaopima kwa vijiko. Chumvi aliiacha pembeni, kwa sababu chumvi ikitangulia huvuta maji na viazi hulegea. Akavipanga kwenye trei kimoja kimoja, pasiwe na kinachomlalia mwenzake, akaviingiza kwenye moto mkali.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Viazi vitamu vina sukari, na sukari haina subira. Kati ya kuiva na kuungua ni dakika mbili tatu. Zamani angejua kwa kunusa, hata akiwa uani. Sasa akatega simu ilie baada ya dakika ishirini na mbili, akaiacha kwenye chaji sebuleni, na yeye akaenda chumba cha kushonea kumshikia mkewe pazia la mteja. Lilikuwa pazia refu, linalotaka mtu wa kushika ncha ya pili.

Mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, na pini nne mdomoni. Mpishi aliwaza Jumatatu, aanze vipi, aseme nini kwanza. Miaka kumi na tisa, halafu useme, samahani, mafua?

Kisha akakunja uso.

"Angalia pasi yako," alisema. "Inaunguza kitambaa."

Mkewe akageuka. Pasi ilikuwa imesimama wima mezani, waya wake umeviringishwa, haijawashwa tangu asubuhi. Akamtazama mumewe, macho yakamtoka, lakini kwa zile pini hakuweza kusema neno. Na mumewe hakungoja neno. Alikuwa ameshaachia pazia na kukimbia.

Jikoni moshi ulikuwa unachungulia pembeni mwa mlango wa oveni. Akaivuta trei kwa taulo, akaibwaga juu ya jiko. Viazi vya pembeni vilikuwa makaa, vya katikati vimekauka na kuwa kahawia iliyokolea.

"Simu haikulia!" akafoka. "Nimeitega mwenyewe!"

"Ililia," mama mkwe akajibu akiwa mlangoni. "Nikaikata. Nikajua ni watu wa kazini. Nikasema leo wamwache mkwe wangu apumzike, maana siku hizi naona hana raha."

Mpishi akafungua mdomo ajibu, na hakuna aliyejua angejibu nini, kwa sababu mkewe aliingia, akatema pini kiganjani na kumshika mkono.

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba kuna kitu kinaungua. Umejuaje?"

Mpishi akaitazama trei. Akainama juu yake polepole, akavuta pumzi. Ile harufu ikampanda mpaka kichwani, kali, chungu, mbaya, harufu ya sukari iliyogeuka makaa. Akaivuta tena. Akalifungua kopo la kitunguu saumu, akalichomekea pua, akakohoa mpaka machozi. Akanusa bizari. Akanusa sabuni ya vyombo. Akanyakua kitambaa cha kufutia meza.

"Hiki kinanuka!"

"Kinanuka tangu Jumanne," mkewe akasema, huku analia na kucheka kwa pamoja.

Mpishi akachukua kipande kilichoungua, akakitafuna. "Kichungu!" akapiga kelele, kwa furaha ya mtu aliyepigiwa simu ya heri. Akachukua cha katikati. Utamu ulikuja kwa mbali, mdogo, lakini ulikuja, na nyuma yake pilipili.

Mama mkwe alikuwa amejishika kiuno. "Chakula kimeungua, nyie mnashangilia. Mmerogwa?"

Basi wakamwambia yote: mafua, wiki sita, supu, Jumatatu. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Ule mchuzi wa Jumapili ulikuwa chumvi tupu. Nikanywa maji jagi zima. Lakini nikasema, mkwe wangu ana jambo moyoni, nikikisema chakula chake nitamwongezea. Nikamaliza sahani."

Mpishi akageuka taratibu kumtazama mkewe.

"Ile chumvi," mkewe akasema, akitazama pini zake, "niliionja mimi."

Hapo mpishi akashindwa. Alicheka mpaka akajishikilia meza, na katikati ya kile kicheko kilio kikamtoka, kwa sauti, mbele ya mama mkwe, na hakuona haya. Alijua sasa jinsi alivyokuwa ameogopa. Mkewe akamfuta uso kwa upande wa gauni lake, maana kile kitambaa hakikufaa.

"Nilidhani nimekwisha," alisema.

"Hujaisha, baba," mama mkwe akasema. Akanyoosha mkono kwenye trei, akachagua kipande cheusi kuliko vyote, akakila bila kukunja uso. "Jumatatu utakwenda kumwambia nini huyo bosi wako?"

Mpishi akapenga kamasi, akafikiri kidogo.

"Nitamwambia sufuria ile ya supu nilidanganya, haikuwa gesi," alisema. "Halafu nitafunga aproni yangu kiunoni."