Mume Niliyemfungia Nje

Niliingia misheni ya Santa Brijida kwa ajili ya kikohozi cha mtoto. Binti yetu alikuwa na miaka miwili, kifua kinamlia kama kuni mbichi motoni, na mume wangu Tolpe alikuwa ameenda mtoni kuvua samoni. Shangazi yangu, aliyekuwa amebatizwa, akaniambia padri ana dawa. Nikambeba mtoto mgongoni tangu alfajiri.

Dawa ilikuwepo kweli. Lakini kabla ya dawa, Padri Anselmo alimmwagia mtoto maji kichwani na kumwita Rufina. Siku ya nne kikohozi kikakata. Nikamfunga mgongoni, nikashika njia ya kurudi. Askari wa langoni akaninyooshea kidole, kisha akaonyesha njia. Akamnyooshea mtoto, akaonyesha kanisa. Shangazi akanieleza. "Wewe unaweza kwenda, mwanangu. Huyu ameshakuwa wa kanisa."

"Wa kanisa vipi? Nimemzaa mimi!"

"Nami nilisema hivyo hivyo," akajibu, akainama kuendelea kusaga shayiri.

Jumapili ile nikainamisha kichwa, nikamwagiwa. Nikaitwa Eskolastika. Jina langu ni Hilua.

Mle ndani kila kitu kilikuwa na kengele: kuamka, kusali, kula uji, kwenda kwenye mitambo ya kufuma. Wanawake ambao waume zao hawakuwepo tulilazwa kwenye chumba kirefu chenye dirisha dogo juu kabisa, pamoja na wasichana, na ufunguo akakaa nao mke wa askari. Wale ambao padri aliwaamini waliruhusiwa kwenda kwao majuma mawili wakati mbegu za mwaloni zinapoanguka. Mimi hakuniamini, maana mume wangu alikuwa mpagani. Waliotoroka walifuatwa na askari wa farasi, wakaletwa na kamba shingoni, wakapigwa viboko mbele ya kanisa.

Nilipelekwa jikoni kwa padri, na huko nikaokota Kihispania neno kwa neno. Mwaka wa pili padri akanifanya mkalimani wake. Kipupwe cha mwaka huo tulitoa maiti kumi na moja katika kile chumba kirefu. Shangazi alikuwa wa sita.

Majira ya maua Tolpe akaja, amejipaka udongo mwekundu kifuani, amevaa shanga zake zote kama anayeenda kuposa. Alimwona Rufina akicheza uani akachuchumaa, akamnyooshea mikono. Mtoto hakumjua.

Padri akatuita barazani mchana, baada ya kengele ya chakula. Kwiriko, mnyapara wetu, mtu wa damu yetu mwenye fimbo ya cheo, akasimama mlangoni.

"Muulize huyu mzee mwenye kanzu," Tolpe akaanza. "Akishanimwagia maji, nikitaka kurudi mtoni kuvua, naruhusiwa?"

Nikauliza. Padri akatabasamu. "Mwambie nyumba ya Mungu haina kufuli."

"Anasema haina kufuli," nikamwambia Tolpe. "Mimi nakwambia, ukiingia hutoki. Maji yakimwagika hayazoleki."

Tolpe akacheka kidogo. "Najua. Nimewaona wanaorudishwa na kamba. Nilitaka tu nisikie anavyodanganya. Haya, mwambie amwage."

"Umerogwa wewe?"

"Nimelala peke yangu mvua mbili, Hilua. Mama ananipikia kama mtoto, watu wananicheka. Mwambie amwage."

Nilimtazama. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa mafuta ya samaki. Nikawakumbuka wanaume walioingia mwaka uliopita, vifua vya namna hiyo hiyo, na mahali tulipowazika.

"Anasemaje, binti yangu?" akauliza padri.

"Anasema hataki, Baba Padri. Amekuja kuaga tu."

Padri akakunja uso. "Amekuja na shanga zote hizo kuaga? Muulize tena."

Nikamgeukia mume wangu. "Amekukataa. Anasema ameambiwa una mke mwingine kule mtoni, na hapokei mzinzi."

"Mimi? Mke mwingine?" Tolpe akaruka juu. "Nani kamwambia? Mwambie ni uongo! Hilua, mwambie!"

Alipiga kelele, akampungia padri mikono. Padri aliona mpagani anayemtukana. Akawaita askari, nao wakamkokota hadi langoni. Njia nzima alikuwa akiniita. "Mwambie! Si unaijua lugha yao? Mwambie!"

Nikainama kuokota shanga zake zilizokatika.

Kwiriko alikuwa anajua lugha zote mbili. Akanisogelea. "Ulimi wako una pande mbili, dada."

"Utasema?"

"Sijui," akasema, na nadhani kweli hakujua. Mwezi mzima alikaa kimya. Kisha wavulana wawili wa zamu yake wakatoroka, na alipobanwa yeye, akanisema mimi kwa padri.

Nilikaa kwenye mkatale siku tatu, miguu katikati ya magogo, jua kichwani. Padri alikuja mwenyewe. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umemnyima mumeo mbingu," akasema. Nikarudishwa kufuma.

Mwaka wa surua Rufina akafa, akiwa na miaka saba. Yeye ndiye aliyenifanya niingie. Nilipomwomba padri ruhusa niende kwetu, akanijibu kwa upole kwamba mimi sasa ni wa kanisa.

Miaka ishirini na saba baadaye serikali mpya iliwaondoa mapadri, lango likaachwa wazi, na ng'ombe wakawa wanaingia hadi kanisani. Nikatembea siku tatu hadi mtoni. Tolpe nikamkuta akitengeneza wavu, mvi tupu, ana mke na watoto wanne wakubwa wenye afya. Sasa mke mwingine alikuwepo kweli. Nikakaa chini nikamweleza yote.

Wavu ukamtoka mikononi.

"Yule mzee nimemchukia maisha yangu yote," akasema. "Bure."

"Ungekufa mle, Tolpe."

"Pengine. Na Rufina angenijua." Akaokota wavu. "Ungeniacha nichague mwenyewe."

Mkewe akaniletea uji wa mbegu za mwaloni, wa kwanza kuuonja tangu ujana, na akanitandikia matete karibu na moto wake. Aliniita dada. Nilikaa kwao siku nne. Ya tano nikarudi Santa Brijida, kwenye kuta zile zinazobomoka, kwa sababu mwanangu amezikwa kule na hakuna mwingine wa kumpalilia kaburi.