Betri ya Matanga

Jumamosi asubuhi Ngoga alipowasha pikipiki yake ya umeme pale Rubondo, kioo kilimwonyesha asilimia arobaini na tatu. Safari ya Mbarara inataka sitini, tena ukienda kwa adabu. Hakushtuka. Tangu Jumatano, walipomzika binti yake Umwiza, aliyechukuliwa na malaria akiwa na miaka minne, hakuna kilichomshtua.

Betri ililiwa na matanga. Kwaya ilikuja na spika zake, betri ya kanisa ikagoma, fundi akaomba ya pikipiki, Ngoga akaitikia kwa kichwa. Siku mbili watu waliimba wakasahau, na yeye akasahau pamoja nao, kwamba betri ile ikiisha hubadilishwa Mbarara tu, kwa nyingine iliyojaa. Nani huimba huku akihesabu umeme?

Mkewe, Uwizeye, alikuwa amelazwa Mbarara baada ya kujifungua kwa upasuaji. Hakujua lolote. Kwao habari ya kifo haipitishwi kwenye simu. Mtu wa nyumbani huenda, huketi, husema. Ngoga alikuwa ameahirisha siku tatu. Sasa wanakwaya walikuwa wamekodi gari kwenda kumfariji saa nane, wakiamini ameshaambiwa. Asipotangulia, mkewe angeupata msiba wake kutoka kwa wageni.

Akaenda mwendo wa baiskeli. Kila mlima alishuka akasukuma. Asilimia ishirini. Tisa. Nne. Alizitazama namba kama mtu anayesoma bei ya kitu asichonunua. Karibu na mji gari la kwaya likampita, akina mama wakampungia mikono, naye akapunga. Alijua amechelewa, na hakuhisi kitu. Hilo tu ndilo lililomtisha kidogo. Mbele kidogo pikipiki ikazima kabisa, akaisukuma kilomita mbili za mwisho.

Nje ya wodi aliwakuta akina mama wameketi kwenye nyasi. Hakuna aliyekuwa ameingia. Mama Nyiransengimana, kiongozi wa kwaya, akainuka.

"Tulipokuona ungali njiani, tukajua hajaambiwa. Hii habari haiko yetu, baba Umwiza. Ingia."

Uwizeye alikuwa ananyonyesha. Akalitazama shati la mumewe lililolowa.

"Uko na jasho mingi. Ulitembea kwa miguu?"

"Batri ilikwisha."

Akacheka kidogo, kwa kuwa alimjua mumewe, mtu wa kuangalia betri mara tatu kabla ya kutoka. "Wewe? Nani aliimaliza?"

"Kwaya. Baliiweka ku spika, siku mbili."

Kicheko kikakatika. Kwa jinsi alivyoiacha nyumba yake, hapakuwa na harusi wala ubatizo wa kuimbiwa siku mbili. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Balikuwa banaimbia nani?"

Ngoga akaketi, kama inavyotakiwa. Akafungua mdomo amtaje Umwiza, na ganzi ya siku zote zile ikamwachilia mara moja. Akalia yeye kabla ya mkewe.