Mashavu Amevimba

Ile barua niliiandika mimi, na sikatai. Nilikuwa nimetoka kupewa cheti cha kusoma na kuandika darasa la watu wazima, mkono unaniwasha, natafuta wa kumwandikia. Aliyejitokeza ni mama Mashavu.

Alikuwa mjane mwenye goti moja bovu, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka bombani. Tulipohamishiwa kijijini na operesheni ya serikali, watu walilia wakaacha mihogo yao porini. Yeye alipoonyeshwa kiwanja chake alitazama bomba, akatazama goti, akasema, "Haya, nimewasamehe."

Siku za shamba la pamoja, Jumanne na Jumamosi, tulikula makande ya sufuria moja kubwa. Katibu wetu, Ndugu Yordani, kijana wa Masuguru kule Korogwe, aliiita chungu cha ujamaa. Basi mwaka wa sabini na tano kijiji rafiki cha Kwashemshi kikatuletea gunia la karoti. Mama Mashavu alitafuna mbili pale pale zikiwa na udongo wake, akaongeza ya tatu. Hakuna kilichotokea.

Jumanne zikapikwa ndani ya makande. Hakumaliza sahani. Midomo ikajaa, macho yakafumbika, mashavu yakawa kama maandazi.

"Mama," nikamwambia, "leo jina limempata mwenyewe."

"Cheka, Hiza mwanangu, cheka. Ukimaliza uniletee maji."

Jioni yake uvimbe ukapungua. Jumamosi akajaribu tena kijiko kimoja, ukarudi. Akatafuna karoti mbichi mbele yangu: salama salimini. Mimi sikuelewa, yeye hakuelewa, lakini mwili ulishasema. Akaniomba nimwandikie Katibu, aliyekuwa kwenye semina Korogwe, amruhusu kuja shambani na chakula chake.

Nikaandika kwa herufi kubwa, nzuri, moja moja:

"Ndugu Katibu. Mashavu amevimba kwa sababu ya chungu cha ujamaa. Hataki tena. Karoti zake anakula mbichi peke yake. Hiza."

Nikaisoma mara tatu. Sikuona kosa hata moja la herufi.

Yordani alirudi siku ya tatu, hata mfuko hajautua mabegani, akaita mkutano. Barua yangu alikuwa ameishika kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Ndugu Mashavu! Nasikia umevimba."

"Nilivimba, mwanangu, ila sasa afadhali."

"Na unakiri! Nani amekuvimbisha kichwa?"

"Kichwa hakikuguswa. Ilikuwa midomo."

"Usiniletee midomo hapa!"

Watu wakacheka, na kucheka kule kukammaliza Katibu kabisa. Nikasimama kueleza kwamba kuvimba nilikoandika ni kwa mwili, si kwa jeuri. Akaniuliza kama cheti changu kimeshakauka wino. Nikakaa.

"Wananchi," akasema, "karoti ya kijiji ikiwa mbichi, mkononi mwake peke yake, inapita. Ikipikwa pamoja na za wenzake, haipiti. Kwa hiyo ubaya si karoti. Ubaya ni wenzake! Na asiyetaka chungu cha wenzake anakwenda mstari wa mwisho."

Mstari wa mwisho wa nyumba ulikuwa kule bondeni. Kutoka huko hadi bombani, mwenye magoti mawili mazima alitumia nusu saa. Mama Mashavu akashika goti lake kama mtu anayemziba mtoto masikio.

"Mwanangu Katibu. Nikila mbele yenu, nabaki na nyumba yangu?"

"Ukila, unabaki. Watu wote mashahidi."

Akaletewa sahani ya makande yenye karoti. Nikamnong'oneza, "Mama, acha." Akala vijiko vitatu, polepole, anamtazama Katibu usoni. Kabla ya cha nne macho hayakuwepo tena, na pumzi ikaanza kupiga filimbi.

Machela tuliifunga kwa khanga, na aliyeishika mbele alikuwa Yordani mwenyewe, anakimbia, kofia imemdondoka. Njia nzima hadi zahanati ya Chanika alikuwa anasema, "Mama, usinifanyie hivi, mama." Neno ndugu alilisahau njiani.

Mganga alimchoma sindano, pumzi ikatulia. Akatuambia wapo watu wa namna hiyo: mboga mbichi haiwadhuru, ikipikwa inageuka adui. "Sababu siijui. Asile tena, basi."

Yordani akaandika taarifa kwenda wilayani. Safari hii hakunihitaji, yeye alisoma hadi darasa la kumi. Akaandika: "Ndugu Mashavu alikula chungu cha ujamaa, akavimba mbele ya mkutano, akapelekwa Chanika."

Wilaya ikajibu kwa haraka isiyo kawaida yake. Ilishangaa kusikia mtu amevimba mbele ya mkutano halafu anapelekwa kutibiwa. Wanaovimba wapelekwe mstari wa mwisho, na Katibu athibitishe kwa maandishi ndani ya siku saba.

Alinijia kwangu na ile karatasi, akakaa kwenye kinu bila kukaribishwa.

"Bwana Hiza, nimeahidi mbele ya watu."

"Nilikuwepo."

"Nikieleza, wataniuliza kama nami nimevimba."

Nikamwambia lugha iliyotuingiza ndiyo itakayotutoa. Nikamtajia neno moja. Akalirudia mdomoni, akaomba kalamu yangu. Akaandika:

"Ndugu Mashavu amenywea kabisa."

Na kweli alikuwa amenywea. Uso ulisharudi saizi yake siku ile ile ya sindano. Wilaya ikafurahi, ikatupongeza kwa malezi bora ya wananchi, na suala la kuhama likafungwa.

Jumamosi iliyofuata Katibu alikuja bombani na ndoo, akamkuta mama Mashavu kakaa mlangoni kwake anatafuna karoti mbichi, kraa, kraa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu karoti."

Akaipokea, akaitazama, akageuka kunitafuta kwa macho.

"Hiza," akasema, "usiandike kitu."