Mgeni wa Kwenye Miwani

Mama Irine alikuwa na mjukuu ambaye hajawahi kumtia machoni. Angela, binti wa Irine, alizaliwa Ujerumani, akakulia hukohuko, na Kiswahili alikuwa akifundishwa darasani pamoja na watoto wa Kijerumani. Desemba ndiyo angeletwa Kilosa kwa mara ya kwanza. Basi Yared, mwalimu wa Kiswahili kwa wageni kule Mikumi, alipoomba kurekodi nyumbani kwake kwa ajili ya darasa hilohilo la Angela, mama hakujivunga.

"Wanafunzi wakivaa miwani ile mikubwa ya kuonyesha video wanajiona wako hapahapa," Yared alimweleza. "Wanajifunza namna ya kuwa mgeni kwetu."

"Ili Angela akija asione haya?"

"Ndiyo, mama."

Nyumba yenyewe ilikuwa imepooza. Tangu shamba la mkonge liuzwe kwa tajiri, majirani walitawanyika, na mzee wake alishatangulia. Siku nzima ilipita hajafungua kinywa ila kufukuza kuku. Leo amepata kamera juu ya kijiti, akaikirimu kama mkwe! Akaisogezea kigoda, akaitikia marahaba, akaipakulia ubwabwa, akailaumu kwa kula kidogo. Yared alicheka mpaka machozi. Alipotaka kuzima, mama alikataa katakata.

"Mgeni gani anaondoka bila kusindikizwa?"

Akaisindikiza mpaka relini, akaiambia karibu tena. Yared alipoondoka na kamera yake, mama alirudi peke yake, akiona aibu kwamba alikuwa amefurahi kiasi kile.

Novemba simu ikaita.

"Shikamoo, bibi!"

Machozi yakamlengalenga. "Marahaba, mjukuu wangu! Kitanda chako nimeshakitandika."

"Lakini nimeshafika kwako mara nyingi, bibi. Kuku wako wote nawajua!"

Irine akachukua simu. "Mama, usikasirike. Desemba tumeona twende Hispania. Angela anasema kwako ameshapazoea, hata umeshamsindikiza."

"Ameshapazoea," mama alirudia. Alitamani kupiga kelele kwamba mtoto huyo hajamshika hata mkono.

Angela akarudi kwenye simu kuaga. Akangoja.

"Bibi, sema karibu tena. Kwenye miwani huwa unasema."

"Karibu tena," mama akasema.