Kioo Chini ya Taa

Sipendi mtu aguse kazi yangu kabla haijatoka karakana, lakini Agneta hakuniuliza. Alifika Kitale na pikapu kutoka Chwele kuchukua jeneza la mamake, akakunjua leso nyeupe na kuitandaza juu ya kifuniko. Ndivyo wafanyavyo akina mama wa kanisa lao: leso ya marehemu hulazwa juu ya jeneza wakati wa ibada, kisha huondolewa kaburini na kupewa binti yake. Alitaka kuona itakaaje.

Alipoiinua, iling'ang'ania. Nyuzi zikabaki kwenye vanishi.

"Mama Ngige," akasema polepole, "hii ndio kitu nitabaki nayo. Kesho itararuka mbele ya watu."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Vanishi yetu haianikwi juani. Ubao hupita kwenye mkanda unaotembea chini ya taa yenye miale isiyoonekana, ukatokea upande wa pili umekauka kabisa. Nikamgeukia Kipyegon, fundi wangu wa taa.

"Si inawaka vile inawakanga?" akajitetea. "Angalia hiyo bluu."

"Bluu ni ya macho yako, bana. Vanishi haina macho. Leta kipimo."

Kipimo chenyewe ni kidude bapa, ukubwa wa kisahani, kinachopanda mkanda kama ubao na kupima miale njiani. Kilikuwa kimelala sandukuni muda mrefu, kwa kuwa taa ilionekana nzima. Tukakipitisha. Miale mikali inayokausha uso wa vanishi ilikuwa karibu sufuri, na taa ni mpya. Kilichobaki ni kioo tulichofunikia mkanda.

Jirani yetu Chepngeno ana mashine ya kusaga mahindi, na unga wake hutua juu ya vanishi yetu mbichi. Tulizozana hadi tukaacha kusalimiana. Badala ya kwenda kuongea naye, nilimwacha Kipyegon aufunike mkanda wote kwa kioo cha dirisha, mpaka chini ya taa. Tena nilimsifu. Kumbe mwanga unaoonekana ulipita, miale ikazuiwa na kioo.

Tukakitoa, tukapima tena. Namba ikapanda hadi inapotakiwa. Lakini kifuniko kilihitaji msasa na vanishi upya, na bila kioo unga ungetua palepale. Mhitaji mtumwa. Nikaenda kwa Chepngeno.

Watu walikuwa kwenye foleni na magunia yao.

"Mama Kibiwott," nikasema, na jina lake hilo la heshima halikutoka kirahisi, "naomba uzime mashine kidogo. Kuna jeneza."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Ati leo umejua mlango wangu uko wapi."

"Nimejua."

"Ni ya nani?"

"Ya mama ya huyo msichana amesimama pale nje."

Akazima. Mzee mmoja akaanza kunung'unika, Chepngeno akamwambia ugali utangoja.

Kipyegon alipiga msasa, akapaka, akapitisha. Kifuniko kilipopoa, Agneta akatandaza leso, akaikandamiza kwa viganja viwili, akaegemea kwa uzito wake wote. Niliogopa kutazama, nikatazama. Akaiinua. Ilitoka kama inavyotoka kwenye meza. Akaikunja mara mbili, akaishika kifuani, na hapo ndipo alipolia.

"Sasa anaweza kwenda," akasema.

Chepngeno alikuwa mlangoni, unga kwenye nyusi. "Niwashe?"

"Ngoja kidogo."

Akangoja. Akashika hata upande mmoja wa jeneza tulipolipandisha kwenye pikapu, kisha akanigeukia. "Ukiwa na vanishi mbichi, kuja useme. Miguu si unayo?"

Nilimpenda kwa hilo. Tulisimama bega kwa bega tukiitazama pikapu ikishika barabara ya Bungoma. Watu wa foleni walikuwa wamevua kofia, na mashine haikuwashwa mpaka pikapu ilipopotea machoni.